Wimbo wa Asha na fundi wake

Bi harusi alikuwa anaitwa Asha, kwa hiyo DJ hakuhitaji kufikiri sana. Saa nne usiku, keki imeshakatwa, kamati imeanza kuhesabu kreti zilizobaki, ukumbi mmoja wa Temeke ukajaa sauti ya Khaled na ule wimbo wake wa "Aïcha". Akina mama wakanyanyuka na khanga zao. Mzee mmoja upande wa bwana harusi, ambaye nadhani safari yake ndefu kuliko zote ni Tanga, alikuwa akiitikia utadhani amezaliwa Oran, kule Algeria kwa Khaled mwenyewe.

Nikafanya kosa la kumwambia jirani yangu wa mezani kwamba wimbo ule hakuutunga Khaled.

"Sasa kautunga nani?"

"Mfaransa mmoja wa ukoo wa Kiyahudi. Zamani alikuwa anauza raba dukani."

Alinitazama kama mtu anayetafuta chupa zangu ziko ngapi. "Kaka, huyo ni Mwarabu. Husikii?"

Muziki ulikuwa juu mno kwa maelezo, na pilau lilikuwa linapita. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Jina la huyo Mfaransa ni Jean-Jacques Goldman. Nilimjua kabla sijaweza kuionyesha Ufaransa kwenye ramani. Ilikuwa 1997, Kigoma, niko kidato cha pili. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa Kifaransa, lakini mjini kulikuwa na Mrundi mmoja aliyejitolea kutufundisha jioni, mara mbili kwa wiki. Alitokea Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya uani na ya barazani, kwa hiyo kuelewana nasi hakukumpa taabu. Alivuka kuja kwetu baada ya Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi ikawaka moto. Katika vitu alivyovuka navyo kulikuwa na kamusi isiyo na jalada, redio kaseti yenye mkono wa kubebea, na kaseti mbili. Moja ilikuwa ya Franco na TPOK Jazz, hiyo ya kwake binafsi. Ya pili, iliyoandikwa herufi JJG kwa kalamu ya wino wa bluu, ndiyo iliyokuwa kitabu chetu cha kiada.

Alikuwa anacheza mstari mmoja, anasimamisha, anauandika ubaoni, tunausoma kwa pamoja, kisha anarudisha. Betri zikichoka Goldman alianza kuimba kama mzee mwenye usingizi, nasi tukamwiga hivyo hivyo. Mpaka leo kuna maneno ya Kifaransa ninayoyavuta bila sababu. Nimewahi kusahihishwa Brussels na mtu aliyedhani nina kigugumizi.

Wimbo wa kwanza kuumaliza ulikuwa "Envole-moi", wa 1984. Kijana wa vitongoji vya maghorofa, huko pembezoni mwa miji ya Ufaransa, anasema hakuchagua kuzaliwa pale, na kwamba atazivuka kuta kwa vitabu. Mwalimu hakuhitaji kutafsiri mara mbili. Darasa lilikuwa na watu kumi na wanne waliokaa chini ya taa moja kwa sababu hiyo hiyo. Wa pili ulikuwa "Il changeait la vie", habari za fundi viatu wa kijijini, mwalimu wa shule na mpiga muziki, watu wa kawaida ambao kwa kuifanya kazi yao vizuri tu waliyabadilisha maisha ya wengine. Mwalimu alipofika kwa yule fundi viatu alicheka peke yake, akatuonyesha kandambili zake zilizoshonwa kwa waya.

Kulikuwa na wimbo mmoja katika upande B aliokuwa akiuruka kila mara. Alibonyeza mkanda uende mbele, midomo ikihesabu kimya, halafu akaachia mahali pale pale wimbo unaofuata unapoanza. Sisi tulidhani mkanda umekatika pale.

Goldman alizaliwa Paris tarehe 11 Oktoba 1951. Baba yake, Alter Mojsze Goldman, alikuwa mzaliwa wa Lublin, Poland, aliyekuja Ufaransa kijana na wakati wa vita akaingia katika harakati za siri za kupambana na Wanazi. Mama yake, Ruth, alizaliwa Munich, na ndiyo hivyo, Myahudi mzaliwa wa Munich miaka ile alikuwa na hadithi moja tu, ya kukimbia. Nyumba ya watu waliokimbia. Mtoto akapelekwa kujifunza fidla, baadaye akashika gitaa, na katika ujana wake akaimba na kikundi cha gospeli cha parokia ya Montrouge, kusini mwa Paris. Mtoto wa Kiyahudi, kwa Wakatoliki, akiimba nyimbo za Wamarekani Weusi. Anayetaka kujua mtu huyu aliwezaje baadaye kuingia katika koo za watu wengine wote aanzie hapo, asianzie studio.

Alisomea biashara Lille, akarudi Montrouge kushughulika na duka la familia la vifaa vya michezo. Raba nilizomtajia jirani yangu ni za hapo. Jioni alikuwa na bendi ya rock, Tai Phong, iliyoanzishwa na ndugu wawili wenye asili ya Vietnam. Mwaka 1975 wakapata wimbo uliovuma, "Sister Jane", kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wakati ule waliamini rock haikai kwenye Kifaransa. Wenzake walitaka safari za maonyesho. Yeye alikuwa na mke, mtoto mdogo na duka la kufungua asubuhi, akabaki. Na hata baada ya kuanza kusikika redioni peke yake, aliendelea kwa muda kuuza dukani. Hebu msanii wa leo afikirie hilo: wimbo wako unapigwa, na wewe umepiga magoti unampima mteja kama kidole gumba kinagusa mbele.

Lipo jambo la familia ambalo yeye hujiepusha kulizungumzia, nami nitapita haraka. Kaka yake wa baba mmoja, Pierre, mwanamapinduzi na mwandishi aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji na kisha akafutiwa shtaka hilo, alipigwa risasi mtaani Paris mwezi Septemba 1979. Miaka miwili baadaye mdogo wake akatoa albamu ya kwanza. Jina la Goldman Wafaransa walikuwa wameshalisikia, ila si kwa nyimbo.

Albamu hiyo ya 1981 ilikuwa na "Il suffira d'un signe", na mwenyewe alikuwa anatimiza miaka 30, umri ambao kwetu msanii wa Bongo Fleva keshaanza kuitwa mkongwe. Alitaka iitwe "Démodé", yaani kilichopitwa na wakati. Kampuni ikakataa, ikatoka na jina lake tu. Ya pili, 1982, alitaka iitwe "Minoritaire", wa upande wa wachache. Wakakataa tena. Nawaelewa watu wa kampuni: nani anaweka sokoni bidhaa iliyoandikwa kwamba imepitwa na wakati? Lakini jamaa hakuchoka. Ya tatu akaiita "Positif", wakafurahi, na ya nne, 1985, akawachomekea "Non homologué", kitu ambacho hakijapitishwa na wakaguzi, kama maziwa ya unga yasiyo na alama ya TBS.

Na kweli wakaguzi hawakumpitisha. Waandishi wa muziki wa Paris walimchukia kwa namna ambayo hata leo ukisoma unajiuliza aliwakosea nini. Sauti nyembamba mno, inayopanda juu mpaka unahofia itakatika. Mashairi mepesi, ya watoto wa shule. Jarida moja la wiki liliandika katika kichwa cha habari kwamba hafai kabisa. Wakati huo huo kumbi zilikuwa zinajaa. Goldman akafanya kiki pekee ninayoijua katika maisha yake: akanunua ukurasa mzima gazetini, akayapanga yale matusi yote kama yalivyoandikwa, kisha akawashukuru watu waliojiamulia wenyewe. Hakujibu hata neno moja la wakosoaji. Aliwalipia matangazo.

Kuhusu wepesi wa mashairi, wale waandishi walikuwa na macho lakini hawakuwa na masikio. Chukua "Comme toi" ya 1982. Ukisikiliza bila kujua unadhani ni bembelezi: baba anamwimbia binti yake aliyelala. Anamsimulia habari za msichana mwingine, Sarah, ambaye hajafikisha miaka minane, anayependa muziki, anayekwenda shule, mwenye marafiki. Ni kama wewe, anamwambia. Ila hakuzaliwa kama wewe, hapa na sasa. Sarah aliishi Poland. Neno la vita halimo. Neno la kambi halimo. Mtoto analala, kiitikio kinarudi, na mtu mzima anayesikiliza ndiye anayeachiwa kujua. Malenga wetu wana neno zuri kwa ufundi huu, kufumba, na mimi naona Goldman kafumba pale kuliko wengi waliosifiwa kwa ugumu.

Mwaka 1987 akatoa albamu ya sahani mbili, na ndani yake mna "Là-bas". Wimbo huu sina budi kukaa nao kidogo.

"Là-bas" ni "kule". Kifaransa hakina utajiri wetu wa hapa, hapo, pale, kule na huko, lakini neno hili moja linafika. Mwanamume anataka kuondoka. Kule, anasema, kila kitu ni kipya, hakuna uzio, mtu akiwa na moyo na umri bado upo, anaweza. Hapa nafasi yake ilishapangwa kabla hajaanza. Mwanamke anamjibu: kule kuna dhoruba na meli zinazozama, nakujua, utapotea, nami nitakupoteza. Hawakubaliani. Wimbo unakwisha wakiwa bado wanavutana, yeye na "kule" yake, mwanamke na "baki" yake.

Kitu cha ajabu ni kwamba nchi haitajwi. Ni mtu wa Paris anayeota kuondoka, huenda kuelekea ule upande wa dunia tuliko sisi. Lakini sisi watu kumi na wanne wa Kigoma tulimsikia kijana wa kwetu. Miaka ile Dar es Salaam ilikuwa na wazamiaji wake, vijana waliojificha ndani ya meli bandarini bila kujua inakwenda Durban au Ugiriki, na kila mmoja wetu alikuwa na binamu au jirani aliyekwenda kule na hajaandika barua. Msichana mmoja darasani, ambaye kaka yake aliondoka hivyo, aliomba asisome sehemu ya mwanamke. Mwalimu akaisoma mwenyewe, kwa sauti nyembamba, na hakuna aliyecheka.

Sauti ya kike katika wimbo ule ni ya Sirima, binti wa baba wa Sri Lanka na mama wa Kifaransa, aliyekuwa akiimba kwenye njia za chini za metro ya Paris, mkebe wa sarafu miguuni. Mpiga saksafoni wa Goldman alimsikia akipita, akampeleka. Mwezi Desemba 1989, albamu yake mwenyewe ikiwa ndiyo kwanza imetoka, aliuawa na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Alikuwa na miaka 25. Siwezi tena kumsikia akisema "baki" bila kukumbuka hilo, na nadhani si haki kwake, kwa sababu alivyouimba ule wimbo ulikuwa hauhitaji msiba kuusaidia.

Sasa nirudi kwa jirani yangu wa harusini, maana kosa lake ni la watu wengi na lina sababu.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa mwisho kulifanya. Katika taarabu tangu zamani anayetunga ni mmoja na anayeimba ni mwingine. Mashairi mengi aliyoyaimba Siti binti Saad yalitungwa na watu waliokaa pembeni. Mwimbaji anasimama mbele, noti zinabandikwa kwenye paji lake, vigelegele vinampasukia, na aliyeyaunganisha maneno yale usiku kwenye taa ya chemli yuko nyuma anakunywa kahawa. Mtunzi hatunzwi. Anatunzwa aliyeimba.

Goldman alikuwa nyota mkubwa na bado akaenda mwenyewe kukaa nyuma. Mwaka 1986 alimtengenezea Johnny Hallyday, yule mzee wa rock wa Kifaransa, albamu nzima ya "Gang", na humo mkatoka "L'envie" na "Je te promets", ambazo Wafaransa wanaziimba kama wimbo wa taifa na wengi hawakumbuki ni za nani. Patricia Kaas akaimba "Il me dit que je suis belle" mwaka 1993, na kwenye jalada mtunzi ameandikwa Sam Brewski. Hakuna Sam Brewski. Ilikuwa lakabu. Mtu ambaye jina lake peke yake lingeuza kaseti aliliondoa ili wimbo usikilizwe bila yeye.

Mimi namwona kama fundi cherehani, na simaanishi yule wa vitenge vya sare anayemkatia kila mtu kipimo kimoja. Namaanisha yule anayekuzungusha, anakuambia simama kawaida usivute tumbo, anaona bega moja liko chini kidogo na wala hakwambii, ila shati linapokuja limekaa. Kwa Hallyday alikata nguo pana, ya mtu wa jasho na pikipiki. Kwa Kaas akakata ya mwanamke anayejua anadanganywa na hataki kuamshwa.

Kwa Céline Dion akafanya kazi ngumu kuliko zote: akapunguza kitambaa. Wengi wetu Dion tunamjua kwa ule wimbo wa meli, sauti inayopanda mpaka glasi zinaomba radhi. Mwaka 1995 Goldman alimwandikia albamu "D'eux", na studio akamwomba aache kuonyesha nguvu. Aimbe chini. Azungumze. Sikiliza "Pour que tu m'aimes encore": mwanamke ameachwa, anaahidi kila kitu hata uganga, na sauti ambayo tunajua ingeweza kuvunja ukuta inakaa pale kooni, haitoki. Kinachouma ni ile nguvu iliyozuiwa. Albamu ile iliuza karibu nakala milioni 10, na hakuna albamu ya Kifaransa iliyowahi kuuza kuliko hiyo. Wimbo ule ukafika namba 7 hata kwenye chati ya Uingereza, kwa Waingereza, ambao lugha ya watu wengine huwa wanaisikiliza wakiwa likizo tu.

Na mwaka uliofuata ndiyo "Aïcha". Khaled, mfalme wa raï, ule muziki wa Algeria, tayari alikuwa amezunguka dunia na "Didi". Goldman akampa maneno na muziki, vyote viwili, kwa Kifaransa, na Khaled akatia ubeti wake wa Kiarabu. Kwa hiyo jirani yangu hakuwa amekosea kabisa: Kiarabu alichosikia kilikuwepo, na kilikuwa cha Khaled. Lakini kisa ni cha Goldman. Mwanamume anamwona Asha akipita, anamwahidi lulu, vito, matunda, mashairi, na kadhalika. Mwanamke anamjibu, kwa ufupi, kaa na hazina zako, mimi nina thamani kuliko hivyo. Nondo ni nondo hata zikiwa za dhahabu. Nataka haki sawa na zako na heshima ya kila siku.

Hebu turudi ukumbini. Meza ya zawadi imejaa, shangazi anatangaza seti ya dhahabu kutoka upande wa mwanamume, na spika zinapiga wimbo wa Asha anayeikataa. Ukumbi mzima unacheza, bi harusi akiwa mbele. Sikuwa na moyo wa kutafsiri. Vijana nao wanaujua zaidi kwa Kiingereza, ule wa kundi la Outlandish kutoka Denmark, wa 2003, na humo jibu la Asha halimo kabisa. Kimebaki kumsifia tu uzuri na huzuni yake. Wimbo mzuri, sikatai, ila wameng'oa jino.

Mwaka 1985 mchekeshaji Coluche alianzisha jikoni za kuwalisha maskini majira ya baridi, Restos du Cœur, akaenda kwa Goldman kuomba wimbo. Akaupata baada ya siku chache. Katika waliouimba alikuwamo Michel Platini, nahodha wa timu ya taifa, na kwa heshima yote, tushukuru Mungu kwamba alijaliwa mguu. Msimu wa kwanza walitoa milo milioni 8.5. Coluche alikufa kwa ajali ya pikipiki Juni 1986, na Goldman akabaki na mzigo: kuwakusanya wasanii, kuandika, kupanga maonyesho ya kila mwaka ya kundi la Les Enfoirés, jina ambalo ni tusi la kutaniana. Siku hizi milo imepita milioni 100 kwa mwaka. Kwa hesabu ya kusaidia ni mafanikio. Kwa hesabu ya Coluche, aliyetaka kitu cha muda tu, ni aibu ya nchi tajiri. Mwaka 2015 Goldman akawaandikia "Toute la vie", vijana wanawalalamikia wakubwa kwamba mliipata amani na kazi mkatuachia ukosefu wa ajira, na wakubwa wanawajibu kwa namna ya jitafutieni. Watu wakakasirika. Mimi nampenda, lakini ule wimbo ni mbaya. Milionea hamwambii kijana asiye na kazi kwamba ana maisha yote mbele yake. Mwaka 2016 akaondoka kundini.

Nimebakiza upande B.

Mwaka 1990 Goldman aliacha kutoa albamu kwa jina lake peke yake, akafanya kundi la watu watatu: yeye, mpiga gitaa Michael Jones mwenye damu ya Wales, ambaye walishaimba naye "Je te donne", na Carole Fredericks, Mmarekani Mweusi wa Massachusetts, dada wa Taj Mahal, aliyekuwa kwa miaka mingi sauti ya nyuma ya wasanii wa Paris. Akawatoa nyuma, akawaweka jina moja naye kwenye jalada: Fredericks Goldman Jones. Carole alikufa Dakar mwaka 2001 akiwa safarini kuimba.

Katika albamu hiyo mna "Né en 17 à Leidenstadt". Leidenstadt haipo kwenye ramani. Kwa Kijerumani unaweza kuisoma kama mji wa mateso. Goldman, ambaye watu wa baba na mama yake walisakwa na Wajerumani, anajiuliza: ningezaliwa Mjerumani mwaka 1917, juu ya vifusi vya vita vilivyoshindwa, nikalelewa katika njaa na chuki, ningekuwa bora kuliko wale? Jones anapokea: ningekulia Belfast? Kisha Carole, kwa sauti ile ya kanisani: ningezaliwa mweupe na tajiri Johannesburg? Mwanamke Mweusi anaiuliza nafsi yake hilo mwaka ambao Mandela ndiyo ametoka jela. Na mwisho wanaomba jambo dogo sana, kwamba wewe na mimi tuepushwe, kwa muda mrefu iwezekanavyo, na siku ya kulazimika kuchagua upande.

Nilikuja kuusikia mzima nikiwa chuo, kwenye kompyuta ya maktaba, na spika za masikioni zilizofungwa kwa utepe. Ulipofika pale mwisho ndipo nikaelewa kwa nini mtu aliyetoka Bujumbura mwaka 1993 alikuwa akihesabu kimya huku kidole kiko kwenye kitufe.

Goldman mwenyewe alinyamaza mapema. Albamu yake ya mwisho ni ya 2001, "Chansons pour les pieds", nyimbo za miguu, kila moja na mdundo wake wa kuchezea. Mwaka uliofuata akafanya ziara, akaaga, akaenda kuishi Marseille na baadaye London, akawa baba wa watoto wadogo tena. Mahojiano hatoi. Mwaka 2023 mwanahistoria Ivan Jablonka aliandika kitabu kizima juu yake, na yeye akakataa kuhojiwa. Wafaransa wakawa wanamchagua mwaka baada ya mwaka kuwa mtu wanayempenda kuliko wote nchini, mtu ambaye hawamwoni. Kwetu msanii akikaa miezi mitatu bila kiki tunauliza kama anaumwa.

Mwalimu alirudi kwao wakati kambi za wakimbizi zilipoanza kufungwa. Yuko Buyenzi, amestaafu, na siku hizi tuna WhatsApp. Usiku ule nikiwa kwenye bajaji kutoka harusini nilimtumia kelele za ukumbi nilizorekodi na "Aïcha" yake, akacheka, akanisahihisha matamshi kama kawaida. Nikamtumia na "Né en 17". Nikamuuliza kama bado anauruka.

Alikaa mpaka asubuhi kujibu. Ujumbe wa sauti, sekunde nne, nyuma yake jogoo na mtu anafagia.

"Siku hizi nauacha upite."